Escudo na 235/75R15: mkwaruzo wa kushoto umekwisha

Suzuki Escudo yangu haikwaruzi tena: matairi mapya makubwa ya mbele yalikuwa yakisugua bodi kila nikikata usukani mabondeni, na upande wa kushoto ulikuwa umegoma kupona. Nimetoka nayo mjini hadi shambani Mvumi na kurudi, nikalipita lile korongo la mchanga kwa makusudi, nikakata kushoto huku nakanyaga breki, nikarudi kinyumenyume, nikapita tena. Sikusikia kitu zaidi ya mchanga unaopiga chini ya bodi. Nyie mliokuwa mkisema gari langu linasaga kahawa kila likiingia bondeni, tafuteni utani mwingine.

Gari lenyewe mnalijua: Escudo ya kizazi cha kwanza, milango mitano, injini ya 1.6 ya valvu 16, gia za mkono. Ilikuja na matairi ya 195/80R15. Nilitaka 235/75R15 za AT, yaani pana na ndefu zaidi, za lami na porini, kwa sababu moja tu, nayo ni difu ya nyuma, kile kibuyu cha gia kilichoning'inia katikati ya ekseli. Mvua zikikolea, malori na matrekta yanachimba njia kwenye udongo wa mbuga. Zikikatika, lile tuta la katikati linakauka mpaka ukilipiga jembe linakurudishia mikono. Difu ndiyo inayolisalimia. Na hapa ndipo ninapogombana na watu wa springi: springi ndefu zinanyanyua bodi, difu ya nyuma inabaki palepale ilipokuwa, kwa sababu imekaa juu ya ekseli na ekseli imekaa juu ya matairi. Kinachoinyanyua ni tairi peke yake. Kutoka kipenyo cha milimita 693 kwenda 733, difu inapanda milimita 20. Kwa anayekaa lami ni kidogo. Kwa tuta lililokauka Agosti ndiyo tofauti ya kupita na kulala njiani.

Spesa za springi za milimita 40, vile vipande vya kuinyanyua bodi, zilishafungwa zamani, siirudii hadithi hiyo. Zaidi ya hapo sikwenda, maana difu ya mbele imefungwa kwenye chesisi, na ukinyanyua sana ekseli fupi za mbele zinakaa kwa pembe mbaya na sivi jointi, viungo vya kupinda vya ekseli hizo, zinaanza kulia.

Sasa, mkwaruzo.

Matairi yalipoingia mara ya kwanza, yalikwaruza pande zote mbili za mbele. Kila niliyemuuliza alinijibu neno moja: nyanyua. Fundi wa kwanza: "Bosi, weka spesa nyingine." Wa pili hivyo hivyo. Nikauliza swali ambalo hakuna aliyelijibu: springi ikibanwa mpaka mwisho, ile spesa inasaidia nini? Gari likiwa limesimama, kweli nafasi inaonekana kubwa, unaingiza ngumi nzima kati ya tairi na madigadi. Lakini ukiingia shimoni amu ya chini, ule mkono unaoshika gurudumu, inapanda mpaka iigonge ile raba inayoizuia isifike kwenye chesisi, na raba hiyo haijui kama umeweka spesa au hukuweka. Tairi linafika palepale. Kwa hiyo gari lililonyanyuliwa na lisilonyanyuliwa yanakwaruza mahali pamoja, ila lililonyanyuliwa linachelewa kidogo.

Basi nikaamua kupima pale tairi linapofika, na siyo pale linapokaa. Kwenye Escudo hii ni raha, kwa sababu springi ya mbele haijaizunguka shokapu. Imekaa peke yake kati ya amu na chesisi. Unaweza kuitoa, ukaacha shokapu ishikilie gurudumu wima, kisha ukalipandisha gurudumu kwa jeki mpaka raba igote, na ukazungusha usukani toka mwisho hadi mwisho huku umelala pembeni na tochi. Kutoa springi si mchezo lakini. Ile kitu imebanwa na ina hasira. Funga mnyororo kuizunguka, shusha amu taratibu kwa jeki, na usiweke uso mbele yake hata kama unaharakisha.

Nilipaka chaki kwenye bati, tairi likanionyesha lenyewe. Sehemu mbili. Ya kwanza ni kona ya chini ya bampa, plastiki tupu, nikaikata na hakuna aliyegundua. Ya pili ndiyo yenye mambo: nyuma ya gurudumu, kwa ndani, pale bati la madigadi ya ndani linapokutana na bati la sakafu. Mabati mawili yamelazwa pamoja yakachomewa nukta nukta, ukingo wake ukaachwa umesimama kuelekea tairi, kama upana wa kidole. Usukani ukiukata mpaka mwisho, bega la tairi linaukuta ukingo huo. Chaki iliyotoka pale ilijichora kwenye tairi mstari mwembamba, ulionyooka, mweupe pee.

Wengi wanachukua grainda wanakata. Msikate. Ukingo huo ndio unaoshikilia mabati mawili. Ukiukata umefungua mshono wa gari. Unapondwa. Nilibandua ile lami ya kiwandani kwa mashine ya hewa ya moto na patasi butu, nikapiga nyundo nikianzia katikati kwenda pembeni, ukingo ukalala kuelekea nyuma. Halafu brashi ya waya, praima, rangi, na undakoti nene juu yake. Usipofanya hivyo, tope la masika litajikusanya pale na kiangazi kijacho utaweza kuona miguu yako kupitia kwenye sakafu.

Kuhusu nyundo, kwa kuwa nimefika hapo. Ile ya kilo moja na nusu yenye mpini wa mti inatosha. Nilijaribu kubwa zaidi, inapinda bati usilolitaka. Weka kipande cha mti mgumu kati ya nyundo na bati, mpingo au mkole, chochote kisichopasuka haraka. Na tafadhali, yale maboksi ya soketi yanayong'aa, vipande mia moja na kitu, yanayouzwa barabarani: muonekano mzuri, lakini soketi ya 17 inapanuka kama imetengenezwa kwa sabuni na inakula pembe za nati. Afadhali soketi nne za mtumba za chuma kweli kuliko boksi zima la mapambo. Ile bunduki ya upepo nayo siipendi kwenye nati za magurudumu. Inakaza kama adui, kisha upasuke tairi peke yako njia ya Farkwa, uone kama spana yako ya gari itafungua.

Tuendelee. Kulia kukanyamaza. Kushoto kukaendelea.

Na hapa ndipo nilipokaribia kuyauza matairi. Kwenye jeki, springi nje, usukani umekatwa mpaka mwisho, kushoto kuna nafasi. Chaki haiguswi. Barabarani, kwenye mteremko wa korongo, nikikata kushoto na kukanyaga breki: krrr. Nikaponda tena, bati likawa limelala kabisa, bado krrr. Mmoja akanishauri rimu zenye ofseti ya kutoa tairi nje. Hilo nalikataa mpaka leo: tairi likitoka nje linazunguka duara kubwa zaidi unapokata usukani, unaondoa mkwaruzo wa ndani unaleta wa kwenye madigadi, na beringi za habu, kitovu cha gurudumu, zinabeba mzigo zisiouzoea. Mwingine akasema nikate kipande cha bati nichomelee kiraka. Karibu nikubali.

Kilichonifungua macho ni kwamba ilikuwa inatokea kwenye breki tu. Nikiteleza korongoni kwa gia ya chini bila kugusa breki, kimya. Breki ina uhusiano gani na nafasi ya tairi?

Jirani yangu ni fundi mwashi, nikamwomba timazi. Akaja nayo mwenyewe, akasimama kunitazama. "Kaka, siku hizi na gari linajengwa?" Nikaangusha timazi katikati ya habu, nikatia alama sakafuni, nikaangusha nyingine kwenye tundu la chesisi ambalo lipo pande zote mbili, nikapima kati ya alama mbili. Kulia, sawa. Kushoto, gurudumu limekaa nyuma kuliko mwenzake kwa milimita 4. Si nyingi. Kisha nikamwambia asukume gari mbele, nikakanyaga breki ghafla, tukapima tena bila kuachia. Kulia, kipimo kilekile. Kushoto, milimita 11. Tukasukuma nyuma, breki: gurudumu la kushoto likarudi mbele. Mwashi akacheka: "Huo ukuta unatembea."

Ulikuwa unatembea kweli. Nikaingia chini na mtaimbo, nikauegemeza kati ya chesisi na amu karibu na bushi ya nyuma, ile raba yenye bomba la chuma inayoishika amu kwenye chesisi, nikausukuma kidogo. Bomba la chuma la katikati lilikuwa linacheza ndani ya raba. Raba ilikuwa imechanika mduara mzima, imebaki imeshikwa na tope na imani. Kwenye jeki hakuna nguvu inayolivuta gurudumu nyuma, ndiyo maana chaki yangu ilikuwa safi. Ukikanyaga breki, barabara inalisukuma gurudumu nyuma, bushi inaliachia, na tairi linafika kwenye bati ambalo kwa hesabu zote halikupaswa kulifikia.

Kwa nini kushoto tu? Bushi za kulia zilikuwa mpya mpya, mwenye gari aliyenitangulia alizibadilisha. Za kushoto ni za zamani. Lakini kilichoziua hasa, naamini, ni siku spesa zilipofungwa. Bushi za amu hii hazizunguki. Raba imegandana na bomba la ndani na ganda la nje, inajipinda amu ikipanda na kushuka. Fundi aliyenyanyua gari hakulegeza boliti za amu na kuzikaza upya gari likiwa chini. Kwa hiyo kuanzia siku ile raba ilikuwa inakaa imepindwa hata gari likiwa limeegeshwa, na kila shimo likaongeza kupinda juu ya kupinda. Raba changa ya kulia ikavumilia. Ya zamani ikachanika.

Wote mnaonyanyua magari, hili ndilo la kushika: boliti za bushi zinakazwa mara ya mwisho gari likiwa limesimama kwa miguu yake, na uzito wake wote.

Bushi mpya, mbele na nyuma ya amu, bei yake haifiki hata robo ya tairi moja. Kuziingiza ndiyo kazi. Usipige nyundo, unaharibu ganda. Nilipeleka amu Kizota kwa wenye presi, zikatoka na kuingia kabla chai haijapoa. Nikafunga, nikashusha gari, nikalitikisa, nikakaza. Timazi tena, sukuma, breki: kushoto na kulia havipishani hata milimita moja, na havihami.

Alaimenti imepigwa baadaye. Kabla ya hapo magurudumu yalikuwa yameegemea nje kwa juu, kawaida ya Escudo ikinyanyuliwa, na boliti za kawaida za shokapu hazina pa kusogeza. Zile zenye mhimili wa pembeni zimesaidia, siyo kwa asilimia mia. Tairi litanieleza lenyewe likifika kilomita elfu kadhaa.

Tairi kubwa limeishusha spidi mita kwa karibu asilimia 6. Ile ya kiwandani ilikuwa inazidisha kidogo, kwa hiyo ikisoma 80 simu inasema 82. Kwenye vibao vya 50, Mbande au Kibaigwa, mimi naendesha 45 na sitaki mjadala na wenye tochi. Gia ya tano imekuwa ya mapambo ukikutana na upepo wa Dodoma uso kwa uso. Ya nne inatosha. Mchangani, kwa upande mwingine, nashusha upepo wa matairi kutoka psi 28 hadi 17 na gari linaelea mahali ambapo zamani nilikuwa nachimba kwa koleo.

Hatua iliyofuata kwenye orodha ilikuwa mkonga, lile bomba la kuvutia hewa ya injini juu. Nimeuweka kando, kuna la haraka zaidi. Tairi la akiba la 235 ni zito, na mlango wa nyuma wa Escudo haukuumbwa kulibeba. Bawaba zimeanza kulegea, ukifunga inabidi uunyanyue mlango kwa goti, na chini tairi linabusu bampa. Nataka mkono wa pembeni wa kulibeba tairi hilo, unaojitegemea, bomba la mraba, umefungwa kwenye chesisi na siyo kwenye mlango, na egemeo lake liwe habu kuukuu yenye beringi zake mbili, kwa sababu bawaba za geti zote nilizoziona kwenye magari ya watu zinalegea ndani ya msimu mmoja. Habu ninayo, ya nyuma ya pikapu iliyokufa. Kinachonisumbua ni kufuli ya kuuzuia mkono usipige kelele kwenye njia ya matuta. Lachi (vifungio) za turubai za lori zinabana vizuri lakini zinajaa vumbi. Bomba limeshakatwa. Jumamosi nachomelea.