Nilivyoyapangia Mahali Maneno ya Kiingereza

Niliacha shule nikiwa kidato cha tatu, nikarudi kwenye daftari nikiwa na miaka 34, mtahiniwa wa binafsi wa KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari, darasa la jioni hapa Nakuru. Hesabu hazikunitisha; anayeuza omena kwa gorogoro hesabu anazo. Kilichonishinda ni insha ya Kiingereza. Tuliambiwa tueleze siku iliyobadilisha maisha yetu, nami nikachagua siku niliyoamua kurudi kusoma. Nikaiita 'crisis', mbele kidogo 'milestone', mwishoni 'watershed', nikidhani ni maneno pacha. Kalamu nyekundu ilipita kote. Roho iliniuma, maana siku ile ni kubwa kwangu na sikuwa na neno la kuibeba.

Kamusi ilinizungusha, neno hili likinituma kwa lile. Kilichonisaidia ni barabara. Kila Alhamisi naenda Kisumu kuchukua omena soko la Kibuye, na hukaa dirishani. Nikaanza kulitafutia kila neno mahali pake.

'Crossroads', yaani njia panda, nililiweka Mau Summit, pale barabara ya Eldoret inapoendelea na ya Kericho inapokata kushoto. Hapo hakuna kilichobadilika bado, ila huwezi kuendelea bila kuchagua. 'Milestone' ni jiwe la maili kando ya njia, na maili yenyewe Warumi waliihesabu kwa hatua 1,000. Jiwe hilo hukuonyesha ulipofika, haligeuzi safari. Mwanangu kumaliza shule ya msingi ni 'milestone'.

Neno nililolipenda kuliko yote ni 'watershed', na lenyewe pia liko Mau. Mvua ikinyesha upande mmoja wa milima ile, maji huingia mto Njoro na kuishia Ziwa Nakuru, ziwa lisilo na mto wa kuyatoa. Ikinyesha upande wa pili, huteremka na mto Nyando mpaka Ziwa Victoria, yakaingia Nile, yakaelekea Misri. Mgongo wa ardhi unaoyatenganisha maji hayo ndio 'watershed'. Basi neno hilo linataka tukio linaloacha dunia mbili, ya kabla na ya baada. Katiba yetu ya 2010, iliyotuletea kaunti 47, naona inalistahili. Siku yangu na daftari langu, la. (Mwalimu alinionya kwamba Wamarekani hulitumia kwa eneo lote linalomwagia mto maji, kwa hiyo ukilisikia kwenye mikutano ya mazingira, sikiliza vizuri linatajwa kwa maana gani.)

Daraja la Ahero, juu ya Nyando, nikalipatia neno 'Rubicon'. Huo ni mto mdogo wa Italia ambao Julius Caesar aliuvuka na jeshi lake mwaka 49 KK, ilhali sheria ilimkataza. Baada ya hapo ni vita tu. Sisi tungesema alikwisha kuyavulia maji nguo.

'Crisis' halikupata mahali barabarani, lilipata kitanda. Mwalimu alitueleza kwamba ni neno la Kigiriki lenye maana ya uamuzi au hukumu, na matabibu wa kale waliiita hivyo saa ambayo ugonjwa unageuka, mgonjwa apone au azidiwe. Nikamkumbuka mama alipougua homa ya mapafu, usiku ule niliokesha nikimbadilishia shuka zilizolowa jasho, nisijue asubuhi itatukuta vipi. Ile ndiyo ilikuwa 'crisis'. Nilikuwa nimelitumia neno hilo kwa siku ambayo nilikuwa na furaha.

Mwalimu akaongeza kwamba hata 'decide', lililotoka Kilatini, asili yake ni kukata. Nilimsimulia mama jioni ile tukichambua omena. Hakushangaa hata kidogo. "Kwani sisi husemaje, mwanangu? Si tunakata shauri?"

Miaka yote hiyo nilikuwa nayaogopa maneno ya Kiingereza, kumbe mlango wa kuingilia ulikuwa kinywani mwa mama. Jumapili niliiandika insha upya. 'Crisis' nikalifuta, 'watershed' nikaliacha mlimani. Siku yangu nikaiita 'turning point', kwa sababu ndivyo ilivyokuwa: nilikuwa nikielekea huku, nikageuka. Na sentensi ya kwanza nikaianza na 'I decided'. Mwalimu aliporudisha karatasi, hapo hapakuwa na wino mwekundu.