Tulio Hai Hatutawatangulia

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa. Somo la wiki hii ni 1 Wathesalonike 4:13–18.

Kuna usemi unaopendwa sana kwenye mahubiri ya siku za mwisho: eti tulio hai leo ni wengi kuliko watu wote waliokwisha kufa tangu Adamu. Kinachofuata huwa ni kilekile, kwamba kizazi chetu ndicho mavuno yenyewe, na wale wa zamani walikuwa wa kutuandalia shamba tu.

Hesabu inakataa. Mwaka 2022 taasisi ya Population Reference Bureau ya Marekani ilikadiria kwamba watu waliowahi kuzaliwa duniani ni kama bilioni 117. Mwaka huohuo, tarehe 15 Novemba, Umoja wa Mataifa ukatangaza kwamba tumefika bilioni 8. Ukitoa, wafu wanabaki bilioni 109, yaani karibu 14 kwa kila mmoja wetu anayevuta pumzi. Ni makadirio, ndiyo, na najua wapo ndugu watakaobisha kuhusu umri wa dunia. Lakini hata ukiikata hesabu hiyo nusu, wafu bado wanatuacha mbali.

Sasa mtazame Paulo. Anaandika waraka huu yapata mwaka 50, dunia nzima ikiwa na watu kama milioni 300. Kwa makadirio hayohayo, kufikia wakati huo walikuwa wameshazaliwa zaidi ya bilioni 50. Kila aliye hai alikuwa na wafu zaidi ya 150 waliomtangulia! Wathesalonike hawakuwa na takwimu hizi, ila walikuwa na makaburi mapya, na hofu yao ilikuwa kwamba ndugu aliyekufa kabla Bwana hajarudi amekosa fungu lake. Paulo anawajibu bila kuzunguka: “sisi tulio hai, tutakaosalia hata wakati wa kuja kwake Bwana, hakika hatutawatangulia wao waliokwisha kulala mauti.” Kisha anapanga foleni: waliokufa katika Kristo watafufuliwa kwanza. Sisi tuko nyuma. Sioni ni wapi kizazi chochote kinapata ruhusa ya kujiona ndicho hasa Mungu alichokuwa akikingoja.

Lakini kilichonikalisha kitako wiki hii ni umri wao zaidi ya wingi wao. Kwa sehemu kubwa ya historia, karibu nusu ya watoto waliozaliwa hawakufika utu uzima. Tunapotaja “waliotutangulia” tunawawaza mababu wenye mvi, wainjilisti wa kwanza, wazee wa kanisa. Kumbe umati mkubwa kabisa kati yao ni watoto.

Kilifi, nchini Kenya, si mbali na bahari, kuna pango liitwalo Panga ya Saidi. Wachimbuzi walikuta humo shimo dogo lenye mifupa laini kiasi kwamba ilibidi waifunike kwa plasta na kulibeba bonge zima hadi Nairobi, kisha Hispania. Mwaka 2021 wakatangaza walichokipata: mtoto wa miaka miwili na nusu hadi mitatu, aliyezikwa miaka 78,000 hivi iliyopita. Alilazwa kiubavu, magoti yamekunjwa kuelekea kifuani. Mwili ulikuwa umefungwa kwa kitu, na kichwa kilikaa kana kwamba kiliegemezwa kwenye mto ambao ulishaoza. Wakampa jina la Mtoto. Mzazi wake hakuwa na Zaburi wala mchungaji, lakini hakumtupa. Nikiulizwa habari za wokovu wake, nashika lile swali la Ibrahimu: “Mhukumu ulimwengu wote asitende haki?”

Na sisi wenye Zaburi? Kichanga cha siku tatu huzikwa na wanaume wachache, haraka haraka, mara nyingi bila ibada. Mama anaambiwa, “Nyamaza, utapata mwingine.” Likiisha hilo, halitajwi tena.

Sensa ya 2022 hapa Tanzania ilihesabu watu 61,741,120, waliolala nchini usiku wa kuamkia Agosti 23. Lakini dodoso lilikuwa pia na maswali ya uzazi: umezaa watoto wangapi wakiwa hai, wangapi wamefariki. Jirani yetu mmoja, bibi wa makamo, alikuwa akimjibu karani wa watu upesi upesi, mpaka hapo. Akasema, “Sita. Wawili hawapo.” Binti yake aligeuka kumtazama, siku zote alijua wako wanne. Karani akabonyeza kishikwambi chake, akaendelea na swali lililofuata.

Bwana wetu alisema Mungu “si Mungu wa wafu, bali wa walio hai, kwa kuwa wote huishi kwake” (Luka 20:38). Wote, pamoja na wale wawili.

Kila mwaka usharikani kwetu tunasoma majina ya waliolala. Orodha huwa ya watu wazima, wenye vyeo vyao. Naomba safari hii tuwaandike na watoto, hata wa zamani, hata wale ambao baba zao hawapendi watajwe. Aliyekufa kabla ya kupewa jina aandikwe “mtoto wa mama fulani,” asomwe kwa sauti ileile inayosoma la mzee wa kanisa. Akina mama, karatasi ziko kwa katibu. Anayeona uzito kuja mwenyewe amtume mtu.