Nilivyoanza kuielewa judo ya Olimpiki

Michezo ya Paris 2024 ilipoanza, judo kwangu ilikuwa watu wawili wanavutana nguo mpaka mmoja aanguke. Hakukuwa na mtu wa kunielekeza, nilikuwa na runinga tu.

Kilichonifungua macho ni kuacha kutazama miguu nikaanza kufuata mikono: nani kawahi ukosi, nani kakamata mkono wa koti. Pambano ni dakika 4, na nyingi ya hizo huishia kwenye kugombea mshiko. Anayekwepa kushikana au kukaa bila kushambulia hupewa shido, yaani adhabu, na zikifika 3 katolewa. Mwenye shido 2 utamjua hata ukizima sauti: anarukia mashambulizi nusunusu ili mwamuzi amwone anajituma. Mapambano yanayoamuliwa hivyo, kusema kweli, mpaka leo yananikera.

Pointi hazikunisumbua. Ukimbwaga mwenzako chali kwa nguvu na kasi, au ukimbana chini sekunde 20, hiyo ni ippon, mchezo umekwisha. Ikipungua kidogo ni waza-ari, na mbili zinatosha.

Uta Abe wa Japani, bingwa mtetezi wa kilo 52, alikuwa anaongoza kwa waza-ari pale Diyora Keldiyorova wa Uzbekistan alipombwaga. Ippon. Abe aliangua kilio ukumbi mzima ukasikia. Nilidhani anazidisha, hadi nilipofuatilia utaratibu: wanaorudi kugombea shaba ni walioshindwa kuanzia robo fainali, naye hakuwa amefika huko. Siku yake ilikuwa imeishia pale pale.

Agosti 3, fainali ya timu mchanganyiko, wanaume na wanawake pamoja, Japani ikaongoza Ufaransa 3–1. Joan-Benjamin Gaba wa kilo 73 akakutana na Hifumi Abe, kaka yake Uta, aliyekuwa ametwaa dhahabu ya kilo 66. Wakaingia muda wa ziada usio na kikomo, mikono inakamatana na kuchomoka, mpaka Gaba akampata. Mfaransa mwenzake, Clarisse Agbegnenou, akasawazisha, 3–3. Kura ya kompyuta, ya kuchagua uzito wa pambano la kuamua, ikaangukia wanaume wa zaidi ya kilo 90: Teddy Riner wa Ufaransa na Tatsuru Saito wa Japani, waliokuwa wameshakutana mapema kwenye fainali hiyo hiyo.

Mdogo wangu akauliza, "Kwani hawa si wameshapigana?"

"Ni kura. Nyamaza kwanza, angalia mikono."

Riner akashinda tena. 4–3.