Usiku wa Novemba 5 mjini Osaka

Jioni ya Novemba 5, 2023, nikiwa mwanafunzi mjini Osaka, niliketi katika mkahawa mdogo karibu na mfereji wa Dotonbori, ambako mwenye mkahawa, mzee aliyekwishavuka miaka sabini, alikuwa amezima jiko ili atazame kwa utulivu mchezo wa saba wa fainali ya besiboli ya Japani. Hanshin Tigers walikuwa wakipambana na Orix Buffaloes, na Hanshin hawakuwa wametwaa ubingwa wa nchi tangu mwaka 1985. Mimi nimekulia kwenye soka, na hadi usiku ule niliiona besiboli kuwa mchezo wa watu wanaosimama kusubiriana.

Katika mzunguko wa nne, Mmarekani Sheldon Neuse aliupiga mpira ukavuka uzio, pigo liitwalo homurani, Hanshin wakapata pointi tatu kwa pigo moja. Wateja walirukaruka na kukumbatiana. Mzee alibaki kitini, akanionyesha picha iliyofifia ukutani, ya mtu mwenye ndevu na jezi namba 44, akauliza, “Kijana, huyu unamjua?” Nilipokiri kwamba simjui, aliigeuzia televisheni mgongo.

Mtu wa pichani alikuwa Randy Bass, mpigaji wa besiboli mzaliwa wa Oklahoma, Marekani, ambaye kwao alipitia timu tano za ligi kuu kati ya 1977 na 1982 akaambulia homurani 9 tu. Mwaka 1983 alijiunga na Hanshin. Mwaka 1985 alipiga homurani 54, na mwaka uliofuata akamaliza msimu kwa wastani wa upigaji wa 0.389, yaani karibu mapigo manne yenye mafanikio katika kila majaribio kumi, ambao nchini Japani haujapitwa. Mashabiki walimtaja pamoja na miungu na Buddha, na waliposherehekea ubingwa wa ligi wa 1985, wakakosa mtu wa kufanana naye, walibeba sanamu ya Kanali Sanders, mzee wa nembo ya migahawa ya kuku ya KFC, kwa kuwa naye alikuwa mzungu mwenye ndevu, wakaitumbukiza mferejini. Iliopolewa mwaka 2009.

Mzee alidai kwamba alikuwa uwanjani Koshien Aprili 17, 1985, pale Bass na wenzake wa Hanshin, Kakefu na Okada, walipopiga homurani tatu mfululizo dhidi ya Yomiuri Giants. Nimekwisha kutana na wengi wanaodai hivyo, hata najiuliza uwanja ule uliwatosha vipi. Okada huyo huyo ndiye aliyekuwa kocha wa Hanshin usiku ule.

Kilichomuuma mzee ni homurani moja. Rekodi ya msimu ilikuwa 55, ya Sadaharu Oh, mpigaji nyota wa zamani wa Giants, na michezo ya mwisho ya Bass mwaka 1985 ilikuwa dhidi ya Giants, waliofundishwa na Oh mwenyewe. Warushaji wao walimtupia makusudi mipira ya mbali asiyoweza kuifikia, wakamwachia kituo cha kwanza bure, mara baada ya mara. Nilipomkumbusha mzee kwamba mchezaji mwingine, Wladimir Balentien, alikwisha piga 60 mwaka 2013, alinitazama kama niliyemtajia mambo ya nchi nyingine. Kuhusu 1988, Bass aliporudi Marekani kumuuguza mwanawe na klabu ikaachana naye, mzee alisema maneno mawili matatu tu, kisha akaanza kufuta meza iliyokuwa safi.

Hanshin walishinda 7 kwa 1. Tulitoka hadi karibu na daraja la Ebisubashi, ambako polisi walikuwa wamejipanga, na vijana waliozaliwa baada ya Bass kuondoka wakiimba kwa sauti zilizokauka. Mzee alitazama kidogo, akanivuta mkono turudi, na njia nzima alikuwa akihesabu kwa vidole mipira ambayo Bass hakuruhusiwa kuipiga.