Alamu ya saa sita usiku

Jamani leo nimelala! Wiki nzima nilikuwa wodini na mwanangu, kemo yake (dawa ya saratani) ni methotreksati ile ya dozi kubwa, dripu ya njano kama Fanta nanasi, na mimi simu inalia kila masaa sita, saa sita, saa kumi na mbili, saa sita tena, maana yakipita masaa 24 tangu dripu ianze ndo lukovorini inaingia na haitakiwi kuchelewa hata kidogo. Yani kemo inazuia seli zisitumie folate (vitamini ambayo seli zinaihitaji), sasa hii lukovorini ni folate iliyo tayari, inaziokoa seli zenye afya za mdomoni, utumboni na kwenye uboho. Shangazi kaja na vidonge vya foliki asidi vya wajawazito, eti si ndo hiyo hiyo? Nesi akamwambia hapana mama, hizo sio sawa, usimpe. Brufen nayo marufuku. Mkojo tunaupima asidi (pH) kwa kikaratasi, rangi ikionyesha chini ya 7 naita nesi mbio. Raundi ya kwanza mdomo ulichubuka hata uji ulimshinda, safari hii kidonda kimoja tu, na jana methotreksati kwenye damu ikashuka chini ya mikromoli 0.1 kwa lita wakaturuhusu. Sahivi anadai chipsi mayai 😂