Mita Tatu za Mwanzo

Saa nne usiku, kesho yake ikiwa ndiyo siku ya kurusha roketi yangu, bomba lilikwama ndani ya mnara wa kuirushia. Ilikuwa mwaka 2016, gerejini kwangu California. Mnara nilikuwa nimeulaza juu ya meza mbili: reli tatu za alumini zimezunguka duara, zimeachana nyuzi 120, na pete nne za plaiwudi zimezishika kwa nje. Nilikuwa nikisukuma kipande cha bomba la milimita 57, unene uleule wa roketi yangu. Kikateleza vizuri mpaka katikati, kikagonga, kikagoma.

Roketi nyingi za mchezo huu wa kurusha roketi ndogo huwa na vishikizo viwili ubavuni vinavyoingia kwenye mfereji wa reli moja, na hilo linatosha kabisa. Yangu ilikuwa nyembamba, injini imejaa bomba zima, na nilitaka ipite mwendo wa sauti. Katika kasi hiyo kitu chochote kinachochomoza ubavuni kinavuruga hewa na kuirudisha roketi nyuma. Mnara unaishika roketi kwa nje, kisha wenyewe unabaki chini.

Kilichonisumbua zaidi ni urefu wa mnara. Roketi ikianza kuondoka, mapezi hayana kazi bado kwa kuwa hewa inayoyapita ni kidogo mno, kwa hiyo mnara lazima uishike mpaka ipate mwendo. Baba yangu, mvuvi wa Ngomeni, alilielewa hilo kwenye simu kabla sijamaliza kueleza. "Hayo ni mambo ya usukani, mwanangu. Chombo hakijashika mwendo, usukani utaushika wa nini?"

Ngomeni, kaskazini ya Malindi, mambo haya si mageni. Waitaliano walirusha roketi za Scout pale baharini, kwenye jukwaa la San Marco, tangu 1967 hadi 1988. Setilaiti iliyorushwa tarehe 12 Desemba 1970, siku ya kuadhimisha uhuru wa Kenya, iliitwa Uhuru kwa sababu hiyo. Mimi nilizaliwa ya mwisho ikiwa imeshakwenda. Nilikuta majukwaa yamesimama kimya juu ya miguu yake ya chuma, na wazee wenye ya kusimulia.

Basi nikapiga hesabu. Roketi kilo 4, msukumo nyutoni 300. Mnara wa mita 1.8 ungeiachia ikiwa na mwendo wa mita 15 kwa sekunde, kiwango ambacho wengi hukichukulia kuwa cha chini kabisa. Kule jangwani upepo hauna adabu. Mita 3 zingenipa karibu 20, nikachagua 3. Ila mita 3 haziingii kwenye gari langu, kwa hiyo nikaukata mnara vipande viwili, na hapo kwenye kiungo ndipo bomba lilipokwama.

Nilipitisha ukucha juu ya kila reli. Mbili zilikuwa laini. Ya tatu ukucha ulinasa: ngazi ndogo ambayo jicho lisingeiona. Nilishika tupa, nikaiweka tena chini. Kusugua kungeondoa ile ngazi usiku ule tu. Kesho nikiunganisha upya jangwani, reli ingehama tena. Nikakata vipande vitatu vya alumini vya sentimita 20, nikavifunga mgongoni mwa kila kiungo, nikavitoboa pamoja na reli na kuvipigia pini zisizocheza hata kidogo. Ndipo nikatumia tupa. Saa nane usiku niliusimamisha mnara uani, nikaliachia bomba kutoka juu. Lilishuka lenyewe mpaka chini.

Asubuhi, kwenye ziwa kavu la Lucerne katika jangwa la Mojave, niliufunga mnara kwa kamba tatu na kuunyoosha kwa uzi wenye chubwi, ile chubwi ya risasi ya mshipi wa baba. Nikarudi nyuma mita 60 pamoja na wenzangu. Mmoja akahesabu kwa sauti, nikabonyeza.

Mita tatu zile roketi ilizimaliza kwa theluthi moja ya sekunde. Nilichoona ni moshi mweupe umenyooka kama uzi, kisha mlio ukatufikia kifuani. Nilibaki nimeinua uso mpaka mtu akapaza sauti kwamba parachuti imefunguka.

Wengine walikimbilia magari kuifuata. Mimi nilikwenda kwenye mnara. Alumini ilikuwa imeshika masizi, bado ina joto. Nikapitisha ukucha kwenye kiungo cha ile reli ya tatu, kutoka chini kwenda juu. Haukunasa.