Mumiani, Popobawa na Kinyamkera: Nilivyozipanga Timu za Ligi Yetu Wiki ya Halloween

Ghala ninalofanyia kazi hapa Columbus, Ohio, lina ligi ya fantasi ya mpira wa Kimarekani yenye timu kumi na mbili, mchezo ambao kila meneja huunda kikosi cha wachezaji halisi na kupata pointi kwa wanayoyafanya uwanjani, na kila Jumatano asubuhi karatasi ya orodha ya nguvu hubandikwa ukutani kando ya mashine ya kahawa. Orodha hiyo si msimamo wa ligi. Ni hukumu ya mtu mmoja kuhusu timu ipi kwa kweli ina nguvu na ipi inabebwa na bahati, na kazi ya kuiandika huzunguka baina yetu kwa zamu. Mwaka 2024 zamu yangu iliangukia wiki ya Halloween, sikukuu ya vitisho ya tarehe 31 Oktoba, na kamishna wetu, ambaye ni msimamizi wa zamu ya usiku, aliniagiza niiandike kwa namna ya kutisha, kila timu na jinamizi lake.

Wanaoijua fantasi ya Ligi Kuu ya Uingereza wataielewa yetu kwa urahisi, ila kuna tofauti mbili ambazo habari yote hii inazitegemea. Kwanza, kwetu mchezaji mmoja humilikiwa na meneja mmoja tu. Kabla ya msimu kuanza tunakaa mezani na kuteua kwa zamu, na mchezaji akishachukuliwa amekwenda. Pili, hatushindani sote kwa jumla ya pointi, bali kila wiki unapangiwa mpinzani mmoja, na ukimzidi hata kwa nukta umeshinda. Yadi kumi za kukimbia au kupokea ni pointi moja, yadi 25 za pasi ni pointi moja, tachidauni, yaani kuufikisha mpira ng'ambo ya mstari wa mwisho wa mpinzani, ni sita kwa kukimbia au kupokea na nne kwa pasi. Kutokana na utaratibu huo wa mpinzani mmoja, meneja anaweza kufunga pointi nyingi kuliko karibu watu wote na bado akafungwa, kwa sababu tu amekutana na yule mmoja aliyefunga zaidi.

Nilianza vibaya. Usiku wa Jumatatu niliandika kwanza orodha ya majinamizi kumi na mawili, kisha nikaanza kuyagawa kwa kufuata msimamo wa ligi, la kutisha zaidi likaenda kwa anayeongoza. Nilipofika la saba nikaona ninachokiandika hakina maana yoyote. Ningeweza kubadilishana jinamizi la timu ya tatu na la timu ya sita na hakuna ambaye angegundua. Nikaifuta kazi yote na kujiwekea sharti moja, kwamba sitaandika jina la jinamizi lolote kabla hesabu haijakamilika, na jinamizi nitakalolichagua lazima lieleze jinsi timu ile inavyoishi au inavyokufa.

Hesabu niliyoitumia ni ya kila mtu dhidi ya wote. Kwa kila wiki unachukua pointi za timu moja na kuzilinganisha na za timu nyingine kumi na moja, kana kwamba ilicheza nazo zote siku ile. Kwa wiki nane kila timu inakuwa na michezo 88 badala ya minane, na bahati ya kupangiwa mpinzani dhaifu inayeyuka. Nilizipa hesabu hizo sehemu sita kati ya kumi za uamuzi wangu, tatu nikazipa pointi za wiki tatu za mwisho pekee, na moja nikajiachia mwenyewe kwa mambo ambayo namba haziyaoni, kama vile mchezaji anayerudi kutoka kwenye majeraha. Nilichelewa kulala, lakini nilipomaliza, msimamo wa ligi ulikuwa umevurugika kabisa mbele yangu.

Timu mbili ndizo zilizonishughulisha kuliko nyingine. Mhasibu wetu alikuwa ameshinda mara sita na kufungwa mara mbili, lakini katika michezo yangu 88 alishinda 39 tu, chini ya nusu. Dereva wa foklifti alikuwa ameshinda mara mbili na kufungwa mara sita, na katika michezo 88 alishinda 52. Kama kwamba hilo halikutosha, wiki hiyohiyo ya nane walikuwa wamekutana wao kwa wao.

Jumapili ya tarehe 27 Oktoba, Washington walicheza na Chicago. Mhasibu alikuwa na Jayden Daniels, kwotabeki (mrusha pasi) wa Washington, ambaye mbavu zilikuwa zimemsumbua tangu wiki iliyotangulia, na alimwingiza kikosini dakika za mwisho baada ya kuhakikishiwa kwamba atacheza. Dereva alikuwa na safu ya ulinzi ya Chicago. Wote wawili hawakuwa na mchezaji mwingine aliyesalia wiki ile. Zikiwa zimebaki sekunde mbili Chicago wanaongoza 15 kwa 12, na dereva anaongoza kwa pointi 7.1. Daniels akauzungusha mwili, akakimbia huku na huko, akaurusha mpira juu kabisa kuelekea mwisho wa uwanja. Beki mmoja wa Chicago, ambaye shambulizi hilo la mwisho lilipoanza alikuwa bado amewageukia mashabiki akiwatambia, alikimbilia lile kundi la watu na kuuparaza mpira kwa mkono, nao ukamdondokea Noah Brown aliyesimama peke yake nyuma yao. Yadi 52 na tachidauni, 18 kwa 15, mchezo umekwisha. Kwa mhasibu hizo zilikuwa pointi 6.08. Kwa dereva, ulinzi wake uliokuwa umefungwa 12 ukawa umefungwa 18, na kwa kanuni zetu hilo lilimpokonya pointi tatu. Alifungwa kwa 1.98.

Baada ya kulitazama tukio hilo katika mwanga wa hesabu, majina yalikuja yenyewe, na yalikuja kutoka kwetu Tanga, wala si kwenye maboga na mifagio ya madukani hapa. Mhasibu nilimwita mumiani. Tulipokuwa watoto tuliambiwa mumiani hanenepi kwa chakula chake, bali kwa damu ya watu anaowavizia, na ndivyo timu yake ilivyokuwa ikiishi: wapinzani wake walikuwa wanaishiwa nguvu wiki ileile wanayokutana naye, kisha wiki inayofuata wanapona. Nilimweka wa saba. Dereva nikamwita popobawa, au tuseme mtu aliyetembelewa na popobawa, na kumweka wa nne. Ambao hawakukulia pwani nawaeleza kwamba popobawa, shetani wa usiku ambaye mwaka 1995 aliwafanya watu wa Pemba na Unguja walale nje makundi kwa makundi, husemwa kuwa humtaka aliyemwendea awatangazie wenzake, la sivyo atarudi. Kila aliyewahi kufanya kazi zamu moja na dereva wetu anajua kwamba sharti hilo amelitimiza kwa uaminifu mkubwa. Kufikia Jumatatu saa nne asubuhi, hata madereva wa malori ya kutoka nje walikuwa wanaijua hiyo 1.98.

Nafasi ya kwanza ilikwenda kwa fundi umeme, bingwa wa misimu miwili iliyopita. Yeye alimteua Derrick Henry wa Baltimore wakati wengine tukimkwepa, kwa kuwa alikuwa ametimiza miaka 30, umri ambao wakimbiaji wengi huwa wamekwisha, na hadi wiki ya nane Henry alikuwa anaongoza ligi halisi nzima kwa yadi za kukimbia. Fundi nilimwita zimwi, nikaandika chini yake kwamba zimwi likujualo halikuli likakwisha, maana kila mwaka hutunyang'anya fedha za mchango na kutuachia nauli. Mpakiaji mmoja, ambaye kura ilimpa haki ya kuteua wa kwanza, alimchukua Christian McCaffrey wa San Francisco, mtu aliyekuwa na tachidauni 21 msimu uliotangulia. McCaffrey alikuwa hajagusa mpira hata siku moja kwa sababu ya kano za kisigino, na alikwenda hadi Ujerumani kumwona mtaalamu. Timu hiyo niliiita mzuka: jina lake linasikika kila Jumapili, lakini ukinyoosha mkono hushiki kitu. Hapa nilitumia ile sehemu yangu moja kati ya kumi kumpandisha kutoka nafasi ya kumi hadi ya nane, kwa kuwa habari za kurejea kwake zilikuwa zimeanza kusikika. Dada wa mapokezi, ambaye wiki moja hufunga pointi 150 na inayofuata 80, alikuwa kinyamkera, upepo unaoinua mabati ya watu kisha ukatulia kama haukuwapo. Timu zilizobaki, ikiwamo yangu ya sita, zilipata mstari mmoja mmoja. Timu ya katikati haitishi mtu, na kulazimisha kitisho pale ni kumchosha msomaji.

Kabla ya kuibandika niliionyesha kwa mwenzangu wa Mombasa, ambaye hachezi ligi hii wala hana hamu nayo. Alicheka kwa mumiani, akaniuliza, "Lakini kaka, hawa utawaelezaje? Wao wanamjua yule wa joho jeusi tu." Nikaongeza sentensi mbili za maelezo kwa kila jina. Kisha akafika mwisho wa karatasi na kunyamaza. Timu ya mlinzi wetu wa getini, iliyokuwa ya kumi na mbili, nilikuwa nimeiandika kuwa maiti iliyosahauliwa kuzikwa, kwa kuwa wiki tatu mfululizo alikuwa ameacha kikosini wachezaji ambao timu zao zilikuwa mapumzikoni. "Na rambirambi tuliyomchangia mwezi huu ilikuwa ya nani?" akaniuliza. Ilikuwa ya mama yake. Wiki zile alizoacha kikosi bila kukigusa ndizo alizokuwa kwenye msiba, na mimi nilizihesabu zote bila kujiuliza. Nafasi nilimwachia ileile, kwa sababu pointi ni pointi. Maneno niliyafuta, nikaandika kwamba timu yake ni gofu lenye taa inayowaka dirishani, kwa hiyo apitaye asidhani kwamba hakuna mtu ndani. Jumatano aliisoma, akaipiga picha kwa simu yake, na jioni nikaona amekwisha kubadilisha wachezaji wanne.

Mhasibu hakufurahi. Alikuja na msimamo wa ligi umechapishwa rangi na kuniuliza timu ya sita-mbili inakuwaje ya saba. Nikampa karatasi yangu ya michezo 88 akaikague, kwa kuwa hesabu ni kazi yake. Aliirudisha baada ya chakula cha mchana bila kusema neno, akiwa amesahihisha kosa moja la kujumlisha ambalo lilimpunguzia ushindi mmoja.

Dereva, kwa upande wake, alipandwa na ari. Kwa kuwa nimemweka wa nne, akaona sasa ni wakati wa kuthubutu, na kwenye kundi la wachezaji wasio na mwenyewe akamwokota mpokeaji chipukizi wa New York Jets kwa ajili ya mchezo wa Alhamisi, ambayo ndiyo ilikuwa Halloween yenyewe, Jets wakiwakaribisha Houston. Nilikuwa mlangoni na bakuli la peremende, nikiwagawia watoto waliovaa mashuka, televisheni ikiwa wazi nyuma yangu. Katika robo ya kwanza yule chipukizi alipewa mpira, akazunguka pembeni, akakimbia peke yake yadi kama 19 bila wa kumgusa, na hatua moja kabla ya mstari akauachia mpira mkononi kwa furaha, akidhani ameshafika. Mpira ukabingirika hadi nje, Houston wakapewa. Badala ya pointi saba na zaidi, kwa kanuni zetu za kupoteza mpira aliambulia karibu sifuri.

Simu yangu iliita kabla marudio hayajaisha. Dereva alinisimulia tukio lote tangu mwanzo, polepole, pamoja na mahali ambapo mguu ulikanyaga na mahali ambapo mpira ulitoka, ingawa nilimwambia kwamba nimeliona. Nilimuuliza kama amemwambia mtu mwingine. Akasema mimi ni wa nne.